Asali ya Februari

Jumatatu, 3 Juni 1974. Tabora.

Treni ilitakiwa kufika saa moja asubuhi. Imefika saa tano kasorobo. Nimepanga chumba Isevya, nyumba ya mshona kanzu, dirisha linatazama ukuta. Mhariri ameagiza makala moja: kwa nini wachezaji wa mpira wa kikapu wa siku hizi wanaumia kuliko wa zamani. Timu ya Bohari ya Tumbaku, ambayo vijana wake wameajiriwa kwa ajili ya mpira na kuandikwa makarani, imepoteza watu watano tangu Januari: magoti matatu, kifundo kimoja, mgongo mmoja. Ni kazi ya siku tatu. Mhariri amenipa msimu mzima wa kiangazi kwa sababu Dar es Salaam hawanihitaji. Hakulisema hilo. Alinipa tiketi ya kuja tu.

Jumanne, 4 Juni.

Uwanja wa Bohari ni sakafu ya saruji ambapo malori hupakia marobota. Wamesimika milingoti miwili ya chuma na kuchora mistari kwa chokaa. Vumbi la tumbaku linaingia puani hata ghala likiwa limefungwa.

Mwenyekiti wa timu ni Selemani Mfaume, umri kama miaka arobaini na mbili, msimamizi wa ghala, nahodha wa timu hii hii mwaka 1961 hadi 1963. Vijana wanamwamkia shikamoo naye anaitikia bila kuwatazama. Karani wa timu, msichana aitwaye Koleta, alimletea kiti. Alikikataa kwa mkono. Alisimama saa mbili nzima za mazoezi. Nidhamu, nikafikiri.

"Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndimi."

"Andika basi. Sisi tulicheza pekupeku, kwenye udongo, matumbo matupu. Hakuumia mtu. Hawa wanavaa raba, wanalala nyumba za Bohari, wakiruka mara mbili wanashika goti."

"Hakuumia hata mmoja?"

"Hata mmoja. Miaka mitatu."

"Wenzako wako wapi niwaulize?"

"Watu wazima wana shughuli zao, ndugu mwandishi. Hawakai pembeni ya uwanja na kalamu."

Vijana walicheka. Mmoja hakucheka, mrefu kuliko wote, aliyekuwa akifunga kitambaa gotini. Jina lake Lukumani.

Jumatano, 5 Juni.

Baridi asubuhi. Hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Juni.

Nimeituma makala kwa treni. Maneno mia sita. Nimemnukuu Selemani mara tatu na mtu mwingine yeyote mara sifuri. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na najua habari ya mtu mmoja ni habari ya mguu mmoja. Lakini sauti yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi, na treni ilikuwa inaondoka.

Jumapili, 16 Juni.

Imetoka. Mimi niliiita "Miguu ya Zamani na ya Leo". Mhariri ameiita "VIJANA LAINI". Selemani ameibandika kwenye mlango wa ghala, misumari minne.

Jumanne, 18 Juni.

Kwenye kona ya barabara ya Isevya kuna mama anauza vitumbua. Nimenunua kwake tangu nifike. Leo hakunipa.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mwanangu ni laini?"

Hapo ndipo nilipojua kuwa ni mama yake Lukumani. Anaitwa Zamda.

"Sikumtaja jina, mama."

"Hukumtaja. Umeandika kuna kijana anafunga goti kitambaa kabla hajaguswa na mtu. Bohari nzima wiki ile wanaofunga goti ni wangapi?"

"Mmoja."

"Hilo goti umeliona?"

"Sijaliona."

"Basi uliandika nini?"

Wanunuzi wengine walikuwa wakisikiliza, wala hawakujifanya hawasikilizi. Mwishowe alinifungia vitumbua viwili katika kipande cha gazeti. Vilikuwa vimeungua. Gazeti lilikuwa letu.

Jumatano, 19 Juni.

Nimeliona goti. Wanakaa nyumba za Bohari, chumba na ukumbi, yeye na mama yake. Goti la kulia limevimba kuzunguka kifuniko na ukilibonyeza linabaki na shimo. Akilikunja linalia, mimi mwenyewe nimelisikia nikiwa mlangoni.

Ratiba yake nimeiandika kama alivyoitaja. Saa kumi na moja alfajiri mazoezi. Saa mbili kazini, kuhesabu marobota. Saa kumi alasiri mazoezi tena. Mechi Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Zote juu ya saruji.

"Umemwambia mwenyekiti?"

"Anajua. Anasema nikikosa mechi tatu jina linakatwa. Jina likikatwa, kazi hakuna, na hapa tunatoka. Mimi ni karani kwa sababu ya kuruka, mzee wangu, si kwa sababu ya hesabu."

"Hesabu huijui?"

"Naijua sana. Hakuna aliyeniuliza."

Jumatatu, 24 Juni.

Upepo. Vumbi mpaka kwenye wino.

Jumapili, 7 Julai.

Sikukuu ya Saba Saba. Gwaride, ngoma, hotuba mbili, kisha mechi. Bohari 61, Nzega 40. Lukumani kafunga kumi na tisa. Anarusha mpira akiwa juu hewani, jambo ambalo wazee waliokaa karibu nami walilisema kana kwamba ni utovu wa adabu. Zamani, walisema, mtu alirusha miguu yote miwili ikiwa chini. Kila anaporuka lazima atue, na anatua kwenye saruji. Baada ya mechi nilimwona akishuka ngazi za ghala kinyumenyume, ameshika ukuta.

Selemani alisimama mechi nzima.

Ijumaa, 12 Julai.

Koleta hanipendi na hafichi. "Gazeti lenu limetufanya tuchekwe mpaka Igunga." Lakini amenipa daftari la zamani la timu kwa saa moja, mbele ya macho yake. Lina jalada jeusi, mwandiko wa nahodha, yaani Selemani, safi na umeinama kulia. Safu nne: tarehe, timu pinzani, waliocheza, sababu ya asiyekuwapo.

Mwaka 1962 wote walicheza mechi kumi na nne. Mwaka huu, Januari hadi leo, Bohari imecheza sabini na tisa. Hilo peke yake ni makala.

Lakini nilitafuta majeruhi na sikupata. Safu ya nne ina maneno matatu tu: msiba, safari, asali. Asali limeandikwa kwa watu wanane, mmoja wao nahodha mwenyewe. Hapana goti, hapana mguu, hapana ameumia. Kwa karatasi, Selemani amesema kweli.

"Wote hawa walikuwa warina asali?" nilimwuliza Koleta.

"Kwetu huku kila mtu anakwenda asali. Ninyi wa pwani ndio mnashangaa."

Jumamosi, 13 Julai.

Nimepata wazo na limenipendeza, jambo ambalo lilitosha kunitia shaka. Warina asali hukaa kambini porini wiki tatu, nne. Basi wachezaji wa zamani walipumzika bila kujua kwamba wanapumzika. Asali ndiyo iliyowaponya miguu. Nimeandika kurasa mbili. Sikuzituma. Makala ya kwanza niliituma siku nne baada ya kufika, na tazama.

Jumatano, 17 Julai.

Lukumani kacheza dakika kumi. Katolewa. Selemani, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Bibi harusi ameshachoka." Watu walicheka. Nami niliandika kwamba walicheka.

Jumanne, 23 Julai. Sikonge.

Nimekuja kwa lori la tumbaku kuwatafuta warina asali wa daftari. Barabara ni mchanga na mizizi, na kila baiskeli tuliyoipita ilitoweka katika vumbi letu. Ofisi ya ushirika wa asali ni chumba kimoja chenye mizani na madebe. Anayepima ni Paskazia, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba yake alirina, mumewe anarina. Nilimsomea majina.

"Simjui. Simjui. Huyu ni jina la mjini. Na huyu. Watu wa mjini asali wanaiona kwenye mkate. Walikuja kambi gani?"

"Haikuandikwa."

"Mwezi gani?"

"Kornel Lugembe, Machi 1962. Selemani Mfaume, Februari 1963."

Aliweka debe chini.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Baba, Februari huku ni mvua. Nyuki wenyewe wana njaa, wamejifungia. Ukifungua mzinga Februari unakuta watoto wa nyuki na hasira. Hakuna mtu anayerina Februari, hata mwizi." Alikuwa anacheka sasa, akamwita mwenzake wa nje aje asikie. "Njoo umwone mtu wa gazeti. Anatafuta asali ya Februari."

Mwenzake alikuja akanitazama kama bidhaa. Nilifunga daftari langu. Miezi yote nilikuwa nimeinakili kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwa nimemwuliza mtu hata mmoja nyuki wanafanya nini.

Jumatano, 24 Julai.

Nimechana zile kurasa mbili.

Jumamosi, 3 Agosti. Ntalikwa.

Orodha ya wachezaji iliyo nyuma ya daftari inamwandika Kornel Lugembe kuwa mtu wa Ntalikwa. Nimeazima baiskeli ya mwenye nyumba, mnyororo ukatoka mara nne. Watu wanaandaa michembe, kila uwanja una viazi vilivyokatwa vimeanikwa. Nilipouliza Kornel, mtoto aliniambia, "Yule wa mguu mrefu?"

Mguu si mrefu. Haukunjiki. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha kamba nje ya nyumba, mguu wa kushoto umenyooka mbele kama mpini, akikata viazi. Mkewe Benedikta alinipa maji. Kornel hakunipa kitu.

"Bwana Kornel, ulikuwa mrina asali?"

"Sijapanda mti tangu nizaliwe. Naogopa juu."

"Daftari la Bohari linasema Machi 1962 ulikuwa asali."

Alikata kiazi kizima.

"Kwa hiyo bado wanalo."

Nikampa kiazi kingine.

"Nilitua vibaya, tunacheza na watu wa Kigoma. Kitu kikakatika humu ndani. Siku zile bwana mkubwa wa ghala, Mzungu, alikuwa na sheria moja: asiyeweza kunyanyua robota aende kwao. Ukisema umeumia, umejifukuza. Lakini ruhusa ya asali alitoa. Alikuwa amesoma mahali kwamba Wanyamwezi lazima waende asali, kama vile ndege lazima wahame. Basi Selemani akaniandika asali. Wiki sita. Akawa anakuja hapa Jumapili kwa miguu, ananiletea unga."

"Selemani?"

"Nimesema Selemani. Alituandika wote hivyo. Mwishowe ikawa ndilo neno lenyewe. Mtu akianguka uwanjani tunaambiana, huyo kaenda asali. Tunacheka naye anacheka, analia anacheka. Waliopona walirudi. Mimi sikupona, nikaandikwa nimeacha."

"Mlikuwa mnaumia sana?"

"Tulicheza Jumamosi, tena si kila Jumamosi. Uwanja tuliupiga wenyewe kwa udongo wa kichuguu, unaumwagilia, unautwanga, unakuwa kama mkeka mgumu. Kwa hiyo hatukuumia mara nyingi. Lakini tukiumia, goti ni goti. Halina mwaka."

"Na Februari 1963?"

Kornel alicheka kwa mara ya kwanza, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Hiyo ni ya kwake. Tulimtoa uwanjani kwa mkokoteni wa tumbaku. Umewahi kumwona Selemani amechuchumaa? Umemwona ameketi kitu kifupi? Muulize anasalije. Anasali akiwa kwenye kiti, nyumbani, mlango umefungwa."

Nilikumbuka kiti cha Koleta na ule mkono. Nidhamu, nilikuwa nimeandika.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza?"

Ni mara ya pili msimu huu kuambiwa hivyo. Nilimwomba aje mjini aseme mbele ya kamati ya timu.

"Nije kukusahihishia gazeti lako? Mke wangu alisomewa hilo gazeti kanisani. Hakuumia mtu, umeandika. Ondoka, jua litakukuta njiani."

Jumatano, 14 Agosti.

Nimemkuta Selemani peke yake ghalani, amesimama mbele ya dawati refu la kuandikia. Sasa nimeelewa dawati lile.

"Ulikwenda Ntalikwa," alisema. "Nilisikia."

"Uliwaandika asali."

"Niliwaokoa. Watu saba. Muulize Kornel nani alimlisha."

"Amesema ni wewe."

Hakutegemea hilo. Alipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Basi mfanyie Lukumani hivyo hivyo," nilisema. "Wiki sita."

"Siku zile kulikuwa na mtu wa kudanganywa. Leo bohari ni yetu. Nitamdanganya nani? Anayetia sahihi ni mimi."

"Basi usidanganye. Andika goti."

"Nikiandika goti moja, kesho nina magoti kumi. Nikiandika goti, mkoa utauliza mbona zamani hayakuwapo. Wewe mwenyewe umeandika hayakuwapo. Liko mlangoni pale, kasome."

Nilitoka kupitia mlango huo. Karatasi imeanza kuwa ya njano.

Jumamosi, 17 Agosti.

Naandika haya saa moja baada ya mechi ili nisiyapambe.

Timu ya Kigoma. Joto, upepo wa vumbi tangu adhuhuri, chokaa ya mistari ikipeperuka. Lukumani alikuwa amekosa mechi mbili. Hii ingekuwa ya tatu. Alivaa jezi. Mama yake alisimama nyuma ya milingoti na beseni lake limefunikwa, hakuuza kitu.

Kipindi cha kwanza alicheza kwa mguu mmoja na nusu na bado alifunga kumi na moja. Nilimwona mara tatu akimtazama mwenyekiti na mara tatu mwenyekiti akitazama mpira. Dakika ya sita ya kipindi cha pili aliruka kudaka mpira uliogonga ubao. Hakuna aliyemgusa. Hilo naliandika kwa sababu litabishaniwa: mtu wa karibu alikuwa hatua mbili. Alitua mguu wa kulia na goti likaenda ndani, upande ambao goti haliendi. Sauti yake ilikuwa kama kuvunja kijiti kilicholowa. Mpira uliendelea kudunda peke yake mpaka ukafika kwenye marobota.

Selemani aliingia uwanjani, akasimama juu yake.

"Inuka."

"Siwezi, mzee."

"Inuka, watu wanatazama."

"Mzee, shikamoo, siwezi."

Alisema hivyo, shikamoo, katikati ya maumivu, kama mtu anayetafuta neno lolote litakalokubaliwa. Nimesikia watu wakiomba kwa namna nyingi. Hii sikuwahi.

Selemani alimgeukia Koleta aliyekuwa na daftari jipya. "Andika amekataa kucheza."

Koleta alishika kalamu. Nilikuwa nyuma yake. Aliandika tarehe, akaandika Kigoma, akaandika Lukumani. Safu ya nne akaiacha.

Wenzake wanne walimbeba. Walitafuta machela, haikuwapo. Wakamtoa kwa mkokoteni wa tumbaku.

Jumapili, 18 Agosti.

Hospitali wamemfunga plasta kutoka paja hadi kifundo. Daktari anasema kutembea atatembea.

Nilimwambia Zamda yote: asali, Kornel, mkokoteni wa kwanza, kiti. Nilikuwa na deni la maelezo na nimelilipa. Alisikiliza akigeuza vitumbua. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Hawezi kukaa kitu kifupi?"

"Hawezi."

"Haya."

Alhamisi, 22 Agosti.

Barua imebandikwa chini ya makala yangu. Kamati itakutana Jumamosi kuzungumzia "mwenendo wa mchezaji Lukumani, uvivu na kukataa kutumikia timu". Akionekana mkosaji, jina linakatwa na nyumba inarudi Bohari kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeitwa kama shahidi. Wa kwao.

Jumamosi, 24 Agosti.

Kamati ilikaa ndani ya ghala kwenye benchi mbili, watu saba. Selemani alisimama. Lukumani aliletwa kwa baiskeli, plasta imefungwa kwenye usukani kwa kamba. Zamda hakualikwa. Alikuja na kigoda chake cha kukalia anapouza, akakaa mlangoni.

Selemani alisoma makala yangu kwa sauti, yote. Anasoma vizuri. Maneno yangu hayajawahi kusomwa vizuri hivyo, na kila moja lilikuwa na maana ambayo sikuwa na haki nayo. Kisha akaniuliza mbele ya wote: "Ndugu mwandishi, ndiyo au siyo, haya uliandika wewe?"

"Ndiyo. Nilimwuliza mtu mmoja, nawe ndiye huyo. Waliosema baadaye wanasema vingine."

"Wako hapa?"

"Hawapo."

"Basi hawakusema."

Watu wa benchi waliguna kwa kuridhika. Mjumbe mmoja akasema vijana wa siku hizi ni kupe, wanaimbiwa Uhuru ni Kazi na wanataka kulala. Mwingine akasema yeye ana miaka hamsini na bado anapiga jembe. Nilitoa hesabu zangu, mechi kumi na nne kwa mwaka mzima na mechi tisini na saba tangu Januari. Waliniambia hesabu si miguu.

Ndipo Zamda alipoinuka. Alipita katikati ya benchi na kigoda mkononi, akakiweka mbele ya mwenyekiti, akakifuta kwa upande wa khanga kama anavyofanyiwa mgeni.

"Mwenyekiti, karibu ukae. Unazungumza habari za mwanangu, nami siwezi kuzungumza na mtu aliyenisimamia kichwani."

"Nashukuru, mama. Niko sawa."

"Nimekukaribisha."

Mji huu unajua maana ya kukataa kiti ulichofutiwa na mama mtu mzima. Mjumbe wa jembe alisema polepole, "Kaa, mwenyekiti, amekukaribisha."

Selemani alikitazama kigoda. Kimo chake ni shubiri moja na nusu. Alishika ukingo wa dawati. Alianza kushuka, na kwa kitambo nilidhani angeweza, kwa ukaidi tu. Alifika robo ya njia. Mguu wa kulia ulitangulia mbele peke yake, umenyooka, kisigino kikakwaruza saruji. Uso wake ulitoka jasho. Lukumani, aliyekuwa karibu, alinyoosha mkono kumshika kiwiko. Alimshika kweli. Selemani hakuutoa mkono ule.

Alisimama tena.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini huwezi?" aliuliza Zamda. Hakupaza sauti. Hakumwonea huruma.

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na mtu anapiga bodi kuliongoza. Tulisikiliza mpaka likasimama.

"Goti," alisema Selemani.

Koleta alikuwa na daftari mapajani, safu ya nne ya tarehe 17 bado tupu.

"Kwa Lukumani niandike nini, mzee?"

"Andika hilo hilo."

"Asali?"

Aliuliza bila kejeli. Ameyasoma madaftari ya zamani kuliko mimi. Selemani alimtazama kana kwamba amepigwa.

"Goti, mwanangu. Andika goti."

Kamati iliamua abaki karani wa marobota na nyumba ibaki. Kucheza basi. Kikao kilikwisha kwa dakika tano kwa sababu hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Zamda alichukua kigoda chake. Hakumshukuru mtu, mimi hasa. Mlangoni Selemani alinisubiri.

"Umepata ulichokifuata. Usikanyage tena saruji yangu."

Alikuwa na haki ya neno la mwisho, nami nilikuwa nalo katika daftari.

Jumapili, 25 Agosti.

Bohari imecheza. Imeshinda.

Jumatatu, 2 Septemba.

Ratiba mpya imebandikwa mlangoni, juu ya makala yangu. Mazoezi mara mbili kwa siku, mechi tatu kwa wiki, saruji ile ile. Wamekuja vijana wawili warefu kutoka Igunga. Wameandikwa makarani.

Jumatano, 4 Septemba.

Mhariri amejibu simu yangu ya maandishi. Haoni sababu ya makala ya pili, msimu umekwisha na kuna habari za njaa. Kwa sahihisho amenipa mistari minane, ukurasa wa sita.

Ijumaa, 6 Septemba.

Kabla ya treni nimekwenda kwa Koleta nyumbani kwake, si Bohari. Amelileta daftari jeusi bila kuombwa na bila kukaribisha. Nilitaka kuhakikisha majina yasiandikwe vibaya.

Februari 1963, mstari wa S. Mfaume, asali limekatwa kwa kalamu mpya, na juu yake, kwa mwandiko ule ule ulioinama kulia, kumeandikwa goti.

Nilifungua kurasa nyingine moja baada ya moja. Wale saba hajawagusa. Kornel Lugembe, Machi 1962, bado yuko asali.

"Alilichukua Jumatatu," alisema Koleta. "Akalirudisha saa hiyo hiyo."

"Hukumwambia amesahau wengine?"

"Hakusahau. Alizipitia zote. Nilikuwa nimesimama pale."

Daftari si langu na sikuandika kitu ndani yake. Nimenakili majina saba na tarehe zake, nimeyalinganisha mara mbili. Sahihisho nimelipeleka posta ya stesheni mwenyewe. Mstari wa kwanza unasema kwamba waliotajwa hapa waliumia wakichezea Bohari kati ya 1961 na 1963, na kwamba gazeti hili lilisema hakuumia mtu. Mistari saba iliyobaki ni majina. Yameenea.